Maswali ya Wasomaji: Maji, Mikoko na Mawe ya Lamu

Barua tano nilizozichagua mwezi huu, nne kutoka Lamu na moja kutoka Malindi, zimeandikwa na watu wasiojuana, lakini zote zinazunguka swali moja: tunachokichukua ardhini na baharini, je, hurudi? Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mambo ya maji yananigusa. Mimi mwenyewe nimekulia katika nyumba yenye birika ya kuwekea maji, na najua thamani ya kata moja ya maji ya pepo, yaani maji yasiyo na chumvi.

*Assalamu alaikum, Mwalimu. Nyumbani kwetu Shela tuna kisima alichokichimba marehemu babu yangu. Nilipokuwa mtoto tukiyanywa maji yake, yakiwa maji ya pepo kabisa. Miaka hii yamekolea chumvi hata chai haina ladha. Vitabu vya wajukuu wangu vinasema kwamba maji ya dunia hayapungui, ni yale yale yanayozunguka tangu zamani. Ikiwa hayapungui, yetu yamekwenda wapi? (Mzee wa Shela, Lamu)*

Waalaikum salaam, mzee wangu. Vitabu vya wajukuu wako vimesema kweli, na ulimi wako nao haukukudanganya. Jumla ya maji ya dunia haipungui, lakini kisima chako hakichoti katika jumla hiyo. Kinachota katika akiba ndogo iliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na akiba hiyo ina kiasi chake, mlango wake wa kuingilia na mwendo wake wa kujaa. Tukiyagawa maji yote ya dunia katika mitungi 100, mitungi kama 97 itakuwa ya bahari. Katika ile michache inayobaki, sehemu kubwa imeganda kuwa barafu kwenye ncha za dunia na vilele vya milima, na maji ya pepo yaliyo ardhini, ambayo ndiyo yanayolisha visima vya ulimwengu mzima, hayajazi hata mtungi mmoja. Mito, maziwa na mawingu ukivikusanya pamoja ni matone tu.

Kazi ya kuyatoa maji ya pepo katika bahari hufanywa na jua. Aliyewahi kupita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, ameiona kazi hiyo kwa macho yake: maji ya bahari huingizwa katika vidimbwi vipana visivyo na kina, jua huyapandisha yakawa mvuke, na chumvi hubaki chini ikingojea majembe. Bahari nzima hufanyiwa vivyo hivyo kila siku, bila ya wafanyakazi. Mvuke ukishapanda haukai sana angani. Kwa wastani ni siku 9 au 10, kisha huanguka kuwa mvua, mara nyingi mbali sana na pale ulipopandia. Mvua ya masika inayotushukia Lamu imeletwa na pepo kutoka Bahari ya Hindi, na katika mzunguko wote wa maji hakuna hatua ninayoijua iliyo ya haraka kuliko hii.

Hatua inayofuata ndiyo inayokihusu kisima chako, nayo ni ya polepole. Mvua ikianguka juu ya mchanga wa Shela haikimbilii baharini kama inavyokimbia juu ya mwamba au juu ya paa la bati, bali huzama kati ya chembe za mchanga mpaka ikakutana na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa kutoka kila upande. Hapo maji ya pepo huelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa lita moja ya maji ya pepo ina uzito wa kilo 1 na lita moja ya maji ya bahari ina takriban kilo 1.025. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini chini ya kisiwa ndiyo inayoamua kila kitu. Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, ambao waliichunguza kila mmoja kivyake zaidi ya miaka 100 iliyopita, walionyesha kwamba kwa kila mita 1 ya maji ya pepo iliyosimama juu ya usawa wa bahari, mita zipatazo 40 za maji ya pepo huwa zimekaa chini ya usawa huo, zikiyasukuma maji ya chumvi yasipande.

Sasa igeuze hesabu hiyo, mzee wangu. Ukivuta maji hadi usawa wake ukashuka kwa mita 1, maji ya chumvi yanapata ruhusa ya kupanda kwa mita 40 kutoka chini. Hayapandi kwa siku moja, na ndiyo maana hakuna anayeyaona. Hupanda mwaka baada ya mwaka mpaka asubuhi moja mtu akaonja chai yake akauliza nani ametia chumvi. Babu yako alichota kwa ndoo na kamba, na mkono wa mtu huchoka kabla kisima hakijachoka. Pampu ya umeme haichoki, na akiba hiyo hiyo leo inaunywesha mji wa Lamu pamoja na Shela yenyewe na wageni wake, ilhali mvua inayoingia kutoka juu si zaidi ya ile ya zamani. Kwa hiyo maji yenu hayakutoweka duniani. Yamepitia mabombani, yakapitia mashimo ya vyoo na mifereji, yakaishia baharini, na yatapanda tena kuwa mvuke. Ila hapana mkataba wowote unaoyataka yarudi kunyesha Shela.

Jambo hili si geni katika visiwa vyetu. Mji wa Takwa, ng'ambo ya pili katika kisiwa cha Manda, ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuharibika kwa maji ya visima vyake. Siutaji ili kukutisha, kwa sababu kisima kilichokolea chumvi huweza kupona kikipumzishwa na mvua ikapata nafasi ya kuijaza upya akiba, ingawa ni kazi ya misimu kadhaa. Ninyi majirani mkikubaliana kuchota kidogo kidogo katika visima vingi vifupi, badala ya kuvuta kwa nguvu katika kimoja kirefu, mtakuwa mkiyateka maji ya juu bila ya kuyaamsha ya chini. Mchanga wa vilima nao usichukuliwe kwa ujenzi wala usifunikwe kwa saruji, kwa maana huo ndio ghala lenyewe na ndio mlango wake.

Kisha kuna paa lako. Wazee wa visiwa hivi walijenga jabia za kukingia mvua, na katika birika za nyumba walitia samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili, kwa hiyo paa la mita za mraba 60, mvua ikinyesha milimita 20 kwa usiku mmoja wa masika, litakupa kiasi cha lita 1,200 ukiwa na mfereji mzuri na mahali pa kuyaweka. Ningependa kuona kila nyumba mpya ya Shela inajengwa na jabia yake kabla haijajengewa bwawa la kuogelea.

*Mwalimu, rafiki yangu shuleni anasema miti ikiendelea kukatwa tutaishiwa na oksijeni. Je, ni kweli? (Mwanafunzi, Malindi)*

Hapana, mwanangu, si hivyo. Katika kila sehemu 100 za hewa, 21 ni oksijeni, na ghala hilo ni kubwa kiasi kwamba hata ukataji mbaya wa misitu hauwezi kulimaliza katika maisha yako wala ya wajukuu wako. Tena takriban nusu ya oksijeni inayotengenezwa kila mwaka hutoka kwa viumbe vidogo vya kijani vinavyoelea baharini, ikiwemo bahari unayoiona kutoka dirisha la darasa lako. Ghala dogo ndilo linalovurugika upesi, na ghala dogo ni lile la hewa ukaa. Charles David Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii mwaka 1958, ilikuwa sehemu kama 315 katika milioni. Leo imepita 420. Mwambie rafiki yako wasiwasi wake ni wa haki, ila auelekeze huko.

*Mimi ni fundi wa kuezeka hapa Matondoni. Mkoko hujiotea wenyewe, haupandwi na mtu, na baba zetu wameukata karne na karne. Kwa nini leo tunaambiwa tupunguze, na saruji na nondo ndizo zinazotoka viwandani? (Fundi wa Matondoni)*

Fundi, swali lako lina haki ndani yake na sitalikwepa. Boriti ni mali inayoota tena, na nondo haioti. Nyumba za mawe za Lamu zilipata upana wa vyumba vyao, usiofika mita 3, kutokana na urefu wa boriti unaoweza kubeba dari bila ya kupinda, na jahazi za Arabuni zilipakia miti ya Lamu kwa karne nyingi, na msitu ukabaki. Hata leo zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kukata mkoko ni dhambi kwa namna yoyote ile, hajaujua mkoko.

Lakini kujiotea hakutoshi mpaka tuulize unaota kwa muda gani. Katika Ghuba ya Gazi, kusini ya Mombasa, mikoko iliyopandwa na kupimwa ilipotimiza miaka 12 ilikuwa na unene wa wastani wa takriban sentimita 6, yaani unene wa pau, haujawa boriti. Ukikata boriti leo, ukamwachia mtoto anayezaliwa leo, atakuwa kijana wa makamo ya kuoa ndipo aikute nyingine mahali pale, na hiyo ni kwa sharti kwamba mmea wake ulipata kudondoka. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado juu ya mama yake, ikarefuka kama kijiti, kisha ikaanguka na kujichomeka topeni au ikachukuliwa na maji bamvua kwenda kuota kwingine. Mahali palipokatwa pote pakabaki uwazi hapana mama wa kudondosha, jua hulikausha tope, chumvi hupanda juu, na mche wa kuletwa na maji haushiki.

Zaidi ya hayo, fundi, mti ule unafanya kazi kabla hujaufikia. Jani la mkoko likianguka halikai. Kaa wadogo hulivuta mashimoni mwao wakalitafuna, bakteria na kuvu wakalimalizia, na kile kinachobaki kikawa chakula cha kamba, chaza na vitoto vya samaki ambao wakishakua huenda kukaa nje kwenye miamba, ambako wavuvi wetu huwakuta bila ya kujua kwamba wanavua majani ya mikoko ya mlango-bahari wa Mkanda. Sehemu nyingine ya majani na mizizi huzama katika tope lisilo na hewa, lile linalonuka kama yai viza maji yanapokupwa. Harufu hiyo ni salfa inayotolewa na bakteria wanaoishi bila ya oksijeni, na wao huozesha polepole mno, hata kaboni iliyomo hukaa humo mamia ya miaka, na pengine maelfu. Ukikata kwa kuchagua, mti mmoja hapa na mwingine kule, ukaacha wazazi wamesimama, kazi yote hii inaendelea na wewe unapata boriti zako. Ukifyeka, tope hufunuliwa, hewa huingia, na ile akiba ya karne huanza kurudi angani.

Kuhusu saruji nakuunga mkono kabisa. Kuitengeneza hutoa hewa ukaa nyingi, na nondo zikila kutu kwa upepo wa chumvi dari huanguka, ilhali zipo boriti katika nyumba za Mkomani zilizozidi umri wa wazee wetu wote walio hai. Kwa maoni yangu, fundi anayejua kuezeka kwa boriti zilizokatwa kwa kuchaguliwa anastahili kazi zaidi, si kidogo.

*Najifunza upakaji wa chokaa kwa fundi mmoja mzee. Yeye husema kwamba chokaa ikikauka ukutani "inarudi kuwa jiwe". Ni maneno ya wazee tu, au kuna ukweli? (Mwanagenzi, Lamu)*

Ni ukweli mtupu, na umpe fundi wako salamu zangu. Chokaa yenu huanza na tumbawe. Huyo ni mnyama mdogo anayechukua kalsiamu na kaboni zilizoyeyuka baharini akajijengea nyumba ya mawe. Mawe ya bara tunayochimba katika pwani hii ni miamba ya namna hiyo, iliyojengwa chini ya maji zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Jiwe safi la chokaa likichomwa katika tanuri kwa joto la digrii kama 900, kila kilo 100 hutoa kilo 44 za hewa ukaa, zikabaki kilo 56 za chokaa isiyozimwa. Mkiizima kwa maji shimoni inakuwa uji, na mkishaupaka ukutani huanza kuivuta hewa ukaa kutoka hewani, kidogo kidogo, kutoka nje kwenda ndani, mpaka ikarejea kuwa kitu kile kile kilichoingia tanurini. Ndiyo maana chokaa iliyopakwa huhitaji kulowanishwa na kupewa siku zake, na anayeiharakisha huiona ikipasuka.

Ila usidhani mzunguko umefungwa kabisa. Kuni zilizochomwa tanurini zimetoa hewa yake pia, na tumbawe hai halirudi kwa mwendo wa ukuta. Yale ya duara hukua kama sentimita 1 kwa mwaka kuelekea kila upande, kwa hiyo pande la nusu mita lililong'olewa baharini lilikuwa na miaka ipatayo 25 au zaidi. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika pwani ya Kenya kwa muda wa miezi michache tu. Chokaa na ichomwe kwa mawe ya bara, na mabaki ya kuta zilizoanguka yatumiwe tena. Matumbawe yaliyo hai yaachwe majini.

*Nina shimo dogo la taka uani, hapa Langoni. Maganda, majani na mavi ya punda huisha, mifupa ya samaki hukawia, na mifuko ya plastiki haitoki kamwe. Kwa nini ardhi hula hiki ikaacha kile? Na je, ile mifupa ina faida yoyote? (Mama wa Langoni)*

Umetazama vizuri, mama, kuliko wengi waliosomea. Kinachokula taka zako ni viumbe hai: bakteria, kuvu, minyoo, mchwa. Kila kimoja kina vimeng'enya vyake, kama funguo, na kila ufunguo hufungua kufuli lake. Ganda la ndizi na jani la mnazi vimekuwako duniani kwa mamilioni ya miaka, na kwa muda wote huo viumbe wamejifunza kuvifungua. Plastiki ya mifuko iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, tena kwa bahati, na muda huo ni mfupi mno. Jua huikatakata ikawa vipande, kisha vumbi, lakini kukatika si kuoza, na vumbi hilo bado ni plastiki ndani ya tumbo la samaki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na wewe bado unaikuta kwa sababu iliyozikwa kabla ya siku ile iko vile vile ilivyozikwa.

Mifupa ndiyo niliyotaka kuizungumzia, kwa sababu ndani yake kuna kitu adimu kuliko unavyofikiri. Ni fosforasi, chakula cha mimea kama ilivyo naitrojeni. Naitrojeni tukipungukiwa, hewa ina sehemu 78 katika 100, na bakteria waishio katika mizizi ya kunde na pojo huiteka wakaitia udongoni. Fosforasi haina mlango wa hewani. Hutoka katika mwamba, ikaingia udongoni, ikapanda katika mmea, ikaingia katika mifupa yetu na ya samaki, na ikishachukuliwa na mvua hadi bahari kuu huzama na kukaa mpaka sakafu ya bahari iinuke kuwa nchi kavu, jambo la mamilioni ya miaka. Kiasi kidogo hurudishwa na ndege wa baharini katika kinyesi chao, na wavuvi katika nyavu zao. Sehemu kubwa ya miamba yake inayojulikana iko Moroko, na huko ndiko baadhi ya mbolea za dukani zenye fosforasi zinakoanzia safari yao.

Kwa hiyo mvuvi anapoleta changu au tasi jikoni kwako, amekuletea fosforasi iliyokwisha kuingia baharini, na usiitupe tena ufukoni. Ikaushe mifupa juani, ichome kwenye jiko la makaa mpaka iwe myeupe na kuvunjika kwa vidole, kisha itwange kinuni na unga wake uuchanganye na samadi ya punda. Tabaka la samadi, tabaka la majani makavu au makuti yaliyokatwakatwa, maji kidogo, na lundo hilo ulipindue kila baada ya wiki mbili. Likiwa na joto ndani ukitia mkono, bakteria na kuvu wamo kazini. Ikiwa huna shamba, wako watu wa Hindi na Mokowe, huko bara, ambao watalipokea kwa furaha, na punda wale wale waliotoa samadi wanaweza kulibeba hadi gatini.

Plastiki iwekee gunia lake peke yake, isiingie shimoni humo hata kipande. Hapa hapa Lamu mafundi walikusanya kiasi cha tani 10 za plastiki iliyotupwa wakajenga dau la Flipflopi, lililoteremshwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri kwa tanga hadi Unguja. Ardhi haikuwa na ufunguo wa plastiki ile, kwa hiyo mikono ya watu iliiyeyusha na kuichonga upya. Gunia likijaa, mtume kijana alipeleke kwa wanaokusanya.